Nozeli ya Tatu ya Mwalimu Obonyo

Nakhungu hana papara na nyundo, na Otonglo nzima inalijua hilo. Fundi mwingine akikuta chuma kimekwama, anagonga kwanza, anafikiri baadaye. Yeye huvuta kigoda, akakaa, akakitazama mpaka unadhani amesinzia. Maringo ndiyo anayo, tena tele, lakini kwa miaka kumi na miwili ya injini za dizeli kando ya barabara ya Busia, nani amnyime?

Jumatatu hiyo Mwalimu Obonyo, mstaafu wa upande wa Maseno, alifika na pikapu nyeupe kuukuu iliyokuwa ikikohoa. Nozeli ya tatu, ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda, ilikuwa ikivujisha moshi, na ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kichwa cha injini. Mafundi wawili wa mjini walishaikimbia.

"Ikivunjikia mle ndani nimekwisha," alisema. "Kichwa cha injini kama hii hakipatikani tena. Watoto wa Nairobi wamesema niiuze skrapu. Na kesho ni Jumanne, siku ya mke wangu Apiyo kusafishwa damu hospitali. Miguu haimbebi, pikipiki hawezi. Humu ananyoosha miguu, ingawa moshi unamkohoza njia nzima."

"Apiyo atafika," Nakhungu akamwambia. "Kaa hapo."

Absalom, mnunuzi wa skrapu, alikuwa ameshaegesha lori lake karibu, anatafuna muwa. "Mama, gonga tu iishe. Niko na mzigo mwingine Nyalenda."

"Absalom, funga mdomo nifanye kazi."

Alimimina mafuta ya breki kuizunguka nozeli, akangoja. Akaishika kwa spana, akajaribu kuizungusha huku na huku. Wapi! Haikutikisika. Hapo ndipo matusi yalipoanza.

"Nani alishika hii kitu? Fundi gani huyu mjinga? Mtu kama huyu angepewa jembe!"

"Huyo alisomea ufundi akichungulia dirishani," Absalom akadakia.

Mwalimu alitazama viatu vyake.

Saa sita Nakhungu akalegeza bolti mbili zinazoikandamiza nozeli, nusu mzunguko tu. Mrija wake wa dizeli akautumbukiza kwenye mtungi, juu akafunika gunia.

"Mwalimu, ingia uwashe gari."

"Na umeilegeza?"

"Ndiyo. Mimi siivuti. Injini itaisukuma yenyewe kutoka ndani, na hizo bolti zitaizuia isiruke. Nguvu iliyo mle ndani hakuna fundi anayo mkononi. Washa!"

Injini ikatetemeka kwa silinda tatu. Ikafoka, ikatema masizi. "Zima!" Akalegeza bolti tena kidogo. "Washa!" Mara ya tatu ukasikika mlio mkavu chini ya gunia, tap! Nakhungu akapiga kigelegele. Injini ilipozimwa, aliondoa bolti, akaichomoa nozeli nzima kwa vidole viwili.

"Yawa!" Absalom akasema, muwa ukamwanguka.

Ilibaki pete ndogo inayokaa chini ya nozeli kuziba moshi. Nakhungu aliinasa kwa waya, akaifuta. Pete hiyo huwa ya shaba. Hii haikuwa shaba.

"Sufuria!" Absalom alicheka mpaka akashika lori lake. "Mtu amekata kifuniko cha sufuria kwa mkasi!"

Nakhungu hakucheka. Ukingoni mwa pete kulikuwa na alama tatu ndogo za tupa. Mpaka leo kila pete anayoifunga huitia alama hizo, ajue upande wa juu, na hakuna fundi mwingine Otonglo mwenye mtindo huo. Akakumbuka. Jumamosi moja jioni, mwaka wake wa kwanza, mwenye gereji amekwenda matangani, maduka yamefungwa. Pikapu hii hii, kabla haijapakwa rangi nyeupe, ilikuwa ya kijani. Mwenyewe alikuwa na nywele nyeusi. Kifuniko kilitoka jikoni kwa Nakhungu mwenyewe.

Aibu ikamchoma uso. Kopo la takataka lilikuwa pale mguuni, na Absalom alikuwa bado anacheka, asingeona. Lakini alifungua kiganja.

"Mwalimu, yule fundi mjinga ni mimi."

Absalom akaliacha lori lake, akasogea kuitazama ile pete.

"Najua," akasema Mwalimu.

"Unajua? Na umeniacha nijitukane tangu asubuhi?"

"Ulikuwa unajitukana vizuri, sikutaka kukukatiza." Mzee alijikuna kidevu. "Na kosa si lako peke yako. Uliniambia pete hii ni ya kunifikisha nyumbani tu, nirudi Jumatatu uniwekee ya shaba. Ilipokubali kwenda, nikasahau." Akamtazama. "Leo si Jumatatu?"

Nakhungu alicheka huku akipangusa macho kwa mkono mchafu. Akatoa pete ya shaba kwenye kopo la vipuri, akachukua tupa, akaitia alama zake tatu.

"Kesho mkipita, simama hapa," alisema. "Nataka Apiyo mwenyewe aniambie kama moshi umeisha."