Pumzi Mbili Alizopewa Wambui

Aliyenitoa nyumbani Ainabkoi ni mwalimu mkuu. Nilikuwa nimempeleka Wambui wangu, miaka sita, aandikishwe standadi wani ya Januari. Mwalimu akamuuliza, "Jina lako nani?" Mtoto akafungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, mwalimu alishageukia daftari lake.

"Mama, huyu ni bubu. Tafuta shule ya mabubu."

Nilihesabu: alimpa pumzi mbili. Njiani nikahesabu tena, zikabaki mbili. Ng'ombe mnadani hupewa zaidi. Na bubu gani? Wambui alikuwa na maneno kumi na moja. Mimi na nyanya yake tulihesabu kila mtu kivyake, tukalingana. Baba yake naye alikuwa kwenye mkutano wa kampuni iliyonunua shamba la mzungu. Wanaume thelathini walikuwa siku ya tatu wakibishania mpaka mmoja, na hakuna aliyeambiwa aharakishe.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tulipanda lori la viazi kwenda Eldoret, hospitalini. Kuuza viazi ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nafasi ya mbele niliipata kwa mdomo tu. Kabla ya Cheptiret dereva alinishauri ulimi wa mtoto ukatwe chini, kuna mzee anafanya hivyo kwa wembe. Nikamuuliza kama huyo mzee humsikiliza mtoto kwanza kabla ya kutoa wembe. Akawasha sigara.

Saa tatu, Eldoret. Hospitalini tulipanga foleni mpaka saa saba. Daktari akapiga kengele ndogo nyuma ya mtoto, Wambui akageuka. Daktari akamtazama ulimi. "Masikio mazuri, ulimi mzuri. Atasema akikua."

"Akue mpaka wapi, daktari?"

Alishaita mgonjwa mwingine. Pumzi mbili tena. Nesi wa mlangoni ndiye aliyenielekeza kwa Mama Agneta, mwalimu mstaafu aliyefundisha watoto wasiosikia kwao magharibi.

Saa tisa, Kimumu, pembeni mwa mji. Mama Agneta alituwekea chai na viazi vitamu, akaniuliza kazi yangu, akaketi mkekani, asimuulize Wambui lolote. Alitutazama tu. Wambui akanyoosha kidole kwa kikombe, nikampa. Akaangalia mlango, nikamfungulia.

"Mama Wambui, mteja akisimama mbele ya gunia lako, wewe ndiye hutaja bei kwanza?"

"Mimi? Nanyamaza. Anayesema kwanza ndiye hupunjika."

"Na kwa mtoto?"

Nikatazama kikombe mkononi mwa Wambui.

"Unampa kila kitu kabla hajaomba," akasema. "Taja kitu. Chai. Halafu nyamaza, mwangalie usoni, hesabu mpaka kumi. Akishindwa, kitaje tena wewe, umpe. Usimnyime, usimlazimishe, usimcheke. Kila siku, kwa kila kitu."

"Mpaka kumi?"

"Ukipenda, hesabu mara mbili."

Nilitoka pale nimekasirika zaidi. Hasira niliyombebea mwalimu mkuu ilibidi niigawe, na fungu kubwa likaniangukia mimi. Miaka sita nawanyamazia wateja, mtoto wangu namkatiza.

Jioni basi la kurudi lilisimama Cheptiret. Nikanunua mahindi mawili ya kuchoma, nikamnyooshea Wambui lile dogo. "Mahindi," nikasema, nikanyamaza.

Nne. Tano. "Mpe mtoto, we mama," akasema mwanamke wa kiti cha nyuma. "Roho gani hiyo?"

Sita. Saba. "Watu wa Ainabkoi ni wagumu, jamani."

Nane. "Kubwa," Wambui akasema, macho kwa lile lingine.

Neno la kumi na mbili. Yule mwanamke akacheka. "Huyo ni wako kabisa." Nikampa lile kubwa bila kubishana, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Tangu siku hiyo mimi na nyanya yake tulingoja: kwenye maji, kwenye kuni, kwenye viazi. Siku nyingine hakusema kitu, tukasema sisi, tukampa. Januari ilipofika maneno yalikuwa sitini na mawili. Tulihesabu mara mbili.

Nikarudi kwa mwalimu mkuu. "Si nilikwambia, mama?" akaanza.

"Muulize tena."

"Jina lako nani?" Mkono ukaenda kwa daftari. Nikaweka kiganja changu juu yake.

"Ngoja, mwalimu."

Tukangoja. Nilikuwa nimefika tisa.

"Wambui," akasema. Kisha akamtazama mwalimu usoni, vile tulivyozoea nyumbani. "Na wewe?"

Mwalimu mkuu alifika kumi na nne kabla ya kujibu. Nilimhesabia vizuri. Na hakuna mtu mle ofisini aliyemwita bubu.