Maji ya Kijani Nyuma ya Mafunjo

Asubuhi ile samaki walipoelea matumbo juu, kila mtu pale ufuoni alijua ni nani aliyewaua. Nilikuwa nimekuja na beseni langu kununua tilapia za kukaanga, nikawakuta wavuvi wamesimama wakitazama ule mkono wa Ziwa Naivasha uliojifungia nyuma ya mafunjo. Maji yalikuwa mazito, ya kijani, na harufu yake ilinikaa kooni.

"Wamemwaga sumu," mwenyekiti wa wavuvi akasema, akielekeza kidevu kwenye mapaa ya nailoni ya shamba la maua. "Mathe, leo rudi tu nyumbani."

Nikarudi mtaani kwetu Karagita na beseni tupu. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, chumba changu kilitazamana na cha mama mmoja aliyefunga maua katika shamba hilohilo. Tulikuwa tukiazimana chumvi na jiko. Siku hiyo nikaanza kumchunguza. Mbona alisafisha gambuti zake nje ya geti kabla ya kuingia? Na mbona siku hizi alinunua maji ya kisima, yale yanayotia watoto meno ya kahawia, wakati sisi wengine tulitumia ya ziwa yaliyoletwa na punda?

Jioni nikamuuliza. "Jirani, huko ndani mnamwaga nini?"

"Mimi nafunga maua. Mambo ya maji sijui."

"Na mbona umeacha maji ya ziwa?"

"Kwa sababu yananuka. Wewe huna pua?" Akafunga mlango.

Baadaye alikuja afisa wa serikali, akachota maji kwenye vichupa. Akatueleza kwamba hakuona dalili ya sumu. Maji yamelishwa kupita kiasi, akasema: mbolea na kinyesi vinanenepesha ule utando wa kijani, ukifa unaoza, na kule kuoza kunamaliza hewa majini. Samaki walikosa pumzi.

"Mbolea ya nani, boss?" mvuvi mmoja akauliza.

"Inatoka kila mahali."

Watu wakaguna. Nami nikaguna. Niliona anayejibu "kila mahali" ni mtu aliyeshalishwa chakula cha mchana mahali fulani.

Jumapili jirani akanigongea. "Vaa gambuti. Twende ukajionee, nimechoka kutazamwa kama mwizi."

Tukafuata ukingo wa maji. Tulianzia pale mfereji wa shamba la maua unapotokea. Ulipita kwanza kwenye bwawa lililopandwa mafunjo, ukatoa maji maangavu.

"Umeona?"

"Leo ni Jumapili," nikasema. "Siku za kazi je?"

"Hata mimi hujiuliza."

Jibu hilo lilinituliza kuliko yale maji maangavu. Tukaendelea hadi kwenye shamba la sukuma wiki lililoshuka mpaka majini kabisa. Punje nyeupe za mbolea zilikuwa zimetapakaa kwenye udongo, na aliyeshika mpira wa pampu alikuwa mwenyekiti wa wavuvi.

"Mnatafuta nini?"

"Huu ukijani unakotoka," nikamjibu.

"Si nilikwambia ni watu wa maua?"

"Na mbolea hii, mzee?" jirani akauliza.

"Hii ni kidogo tu, ya kulisha watoto." Kisha akanigeukia mimi. "Na choo cha ploti yenu, mathe, kinaenda wapi? Umewahi kuuliza?"

Nilikasirika, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani. Tukazunguka nyuma ya vyoo, mahali ambapo majani yalistawi kuliko kwingine kote. Tukavuta bati kuukuu, tukaona bomba limeelekezwa kwenye mtaro wa mvua unaoshuka ziwani. Mvua haikuwa imenyesha kwa majuma mengi, na bomba lilikuwa linatiririka.

Nikampigia simu mwenye ploti.

"Nani amekutuma?" akauliza. "Kama hupendi, hama."

Wanawake wa ploti tukakutana uani, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa wasiwasi kuhusu nani atakwenda kutuchongea kwa mwenye ploti. Hakuna aliyechongea. Tulijaza magunia mchanga na mawe, tukaliziba lile bomba barabara. Haukupita muda vyoo vikagoma, na kilichofurika kwanza ni kile cha duka la mwenye ploti mwenyewe, lililo hapohapo kwetu, mbele ya wateja. Akaja mbio akifoka. Jirani akamwambia, kwa adabu zote, kwamba hapendi kuhama. Gari la kunyonya vyoo likaja, na fundi akaliziba bomba kwa saruji. Nilikaa pale juu ya ndoo mpaka saruji ikakauka, maana sikumwamini fundi pia.

Samaki wamerudi, ingawa wachache. Mvua kubwa ikinyesha, maji yale bado hugeuka kijani. Majibu ya vichupa hatujaletewa mpaka leo. Mwenyekiti anasema amesogeza sukuma wiki zake nyuma. Mimi naona amesogeza maneno tu. Nanunua samaki waliovuliwa mbali ziwani, na bado namnusa kila mmoja kabla ya kumtia kwenye beseni.

Juzi jirani alinikuta nikinusa hivyo, akacheka. "Bado unanishuku?"

"Wewe, hapana."

"Basi nani?"

"Wengine wote, hata mimi." Nikampa kisu, tukakaa chini kupaa samaki magamba.