Nilimpa Mjomba Radhi ya Kwenda Hija, Sikujua Alichomfanyia Baba

Admin, jina langu lifiche, lakini kisa kiweke chote. Ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na moja, naishi Kipawa na mama yangu mzazi. Nilizaliwa Chamazi. Baba alikuwa Mwarabu mwenye duka, mama ni Mzaramo. Mtaani waliniita chotara na sikujali, nilijua napendwa pande zote. Ndivyo nilivyodhani.

Miaka ya tisini mwanzoni polisi walikuwa mbali, kwa hiyo ulinzi ulikuwa wa sungusungu, na kamanda wao alikuwa mjomba, kaka yake mama. Filimbi ikilia, kila mwanamume lazima atoke na fimbo. Asiyetoka anahesabiwa mwenzake mwizi. Asubuhi moja ililia, baba akaacha sukari ya mteja kwenye mizani akakimbia, maana alijua Mwarabu asipoonekana atasemwa wa kwanza. Kijana waliyemkamata alipigwa, akafia palepale. Kumbe hakuwa mwizi, alikuwa akitafuta nyumba ya shangazi yake.

Polisi walipofika, mtaa mzima ukawa na jibu moja: "Mwarabu kaua Mwafrika." Watu hao hao walikuwa wakinywa kahawa barazani kwetu! Mahakamani mjomba alishika Msahafu akaapa kwamba alimwona baba akimpiga kijana rungu la kichwa. Baba akahukumiwa kunyongwa, akaugua akafia gerezani rufaa haijasikilizwa. Mjomba ndiye aliyenilea, akanisomesha, akaniozesha. Baba nilimwonea aibu, jamani, hata jina lake nililiacha nikatumia la mjomba.

Wiki iliyopita mjomba alikuja kuaga, anakwenda Hija. Anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama desturi yetu.

"Mwanangu, kama kuna nilipokukosea, niwie radhi."

Nikacheka. "Mjomba, wewe unikosee nini? Nimekuwia radhi, duniani na akhera."

Akafuta machozi, akaondoka. Nilidhani ni uzee.

Mara nikamsikia mama analia jikoni. Ndipo aliponiambia kwamba rungu lilikuwa la mjomba. Baba alikuwa akimvuta mkono, anamwambia, "Shemeji, mwache, utamuua!" Mama aliyaona yote kwa macho yake, lakini aliwaambia polisi kwamba yeye alikuwa jikoni.

"Mama, mumeo!"

"Baba yako alikuwa mtu wa kuja. Yule ni kaka yangu, tumbo moja. Ningefanyaje mie?"

Mtu wa kuja. Na mimi niliyezaliwa na mtu wa kuja, nilikuwa nani kwao miaka yote hii? Roho inaniuma. Nikamwambia nitakwenda kwenye dua ya kumuaga mjomba, niseme mbele ya watu kwamba radhi yangu nimeiondoa. Akanijibu, "Ukifanya hivyo, na yangu hunayo mpaka naingia kaburini."

Dua ni Ijumaa hii. Nikinyamaza, baba yangu anabaki muuaji. Nikisema, namkosa mama. Na shuka za ihramu mjomba aliniachia mimi nimfulie, zimeshakauka, bado ziko kwenye kamba uani. Nishaurini, ndugu zangu: nizikunje nimpelekee kimya kimya, au niende nikaseme?