Maombi Yangu Ndani ya Mashine

Ashukuriwe Mungu aliyeufanya moyo wangu upige miaka sabini na mbili bila kuomba likizo. Baada ya shukrani hiyo, ndugu zangu, acheni nikiri aibu yangu.

Mjukuu wangu Neema anasoma chuo kikuu hapa Sydney. Anatengeneza mfano wa moyo ndani ya kompyuta, unadunda kama wa mtu kweli, na kwa kazi hiyo alihitaji picha safi za moyo wa mzee, nami (kiherehere changu!) nikasema mzee nipo, siogopi kitu. Tukapanda treni kutoka kwetu Doonside. Mashine ya kupigia picha hizo Neema alikuwa amepewa kwa saa moja tu.

Mpiga picha, Baraka, Mkongo mpole, akanilaza na kunisukuma ndani ya tundu la mashine. "Babu, nikisema shika pumzi, usipumue, usiseme."

Mlango mzito wa chumba ukafungwa. Nikajiona niko peke yangu na Mungu, nikaamua niombe kidogo, kwa sauti, ndivyo nilivyozoea. Sasa mzee wa kanisa akianza kuomba hana kituo: nikaombea wagonjwa, nikaombea wasafiri, Baraka akisema shika pumzi nashika kidogo naendelea, hadi nikamfikia Neema. "Bwana, wali wake ni uji, wewe wajua, lakini mpe mume, hata huyu Baraka angefaa. Na mimi, Baba, nimemdanganya mtoto. Naogopa. Humu ni kama kaburini."

Kipaza sauti kikakohoa juu ya kichwa changu.

"Amina, babu. Ila mimi niko na bibi tayari, na watoto watatu. Na picha zote zimeharibika."

Kumbe kule chumba cha pili walinisikia wote tangu mwanzo! Baraka alilelewa akifundishwa kwamba mzee akiomba hakatizwi, na mwalimu wa Neema, mama wa Kizungu, alikuwa akitafsiriwa kila neno, hata la wali. Zilibaki dakika kumi na tano.

Nilitamani tundu linimeze kabisa. Mara mlango ukafunguliwa, nikahisi mkono umenishika mguu. Neema, ambaye tangu utoto nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akasema, "Babu, niko hapa. Sitoki. Shika pumzi tu."

Nikashika. Picha zikatoka safi.

Siku hizi moyo wangu unadunda kwenye kompyuta yake, nami nikitaka kuomba kwa sauti, kwanza nauliza nani mwingine anasikiliza. Nawe unayesoma, Mungu akulindie moyo wako, na siku ukiogopa, usikose mtu wa kukushika mguu.