Shangazi Hamwachi Mtu Mlangoni

Shangazi yangu haamini kwamba mgeni ameondoka mpaka amwone kwa macho yake akikata kona. Kwetu hilo si ajabu. Mtu akija kwako unamsindikiza, mnapiga soga njiani, mnasimama kuagana, mnakumbuka jambo jingine, mnaanza upya. Taabu ni kwamba Shangazi alisafiri na tabia hiyo mpaka ughaibuni, akaipakia pamoja na cherehani yake ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Na huku watu huagana mlangoni, mlango ukafungwa, kwisha habari.

"Mwanangu," aliniambia alipofikia kwangu, "hawa watu hufukuzana kwa adabu."

Alipata kazi kwenye duka la dobi mtaa wa pili. Nyuma kulikuwa na mashine za kufulia, pembeni pasi za mvuke, na yeye dirishani akipunguza suruali na kubadilisha zipu. Cherehani za dukani alizikataa, eti zinashona kama zina homa, akaleta yake. Mwenye duka tulimwita Bwana Saa, maana kila ukimsemesha alitazama mkono wake wa kushoto. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkavu. Na kibali cha Shangazi cha kuishi huku kilining'inia kwenye kazi hiyo. Kazi ikiisha, naye anapanda ndege.

Basi mteja akichukua nguo yake, Shangazi huyo ananyanyuka. Mwanzoni alikuwa akiishia mlangoni, baadaye akafika mpaka kwenye taa za barabarani. Wengine walifurahi, wengine waliduwaa. Siku moja kijana mmoja mwenye tai aligeuka akaona mama mwenye futi shingoni anamfuata, akaongeza mwendo. Shangazi akadhani kijana ana haraka, naye akaongeza mwendo asije akamchelewesha. Kijana akatimua mbio. Shangazi, Mungu amjalie magoti, akatimua naye.

"Polepole, baba, utaanguka!" alimpigia kelele kwa lugha yetu.

Kijana alijitupa ndani ya benki, akampigia simu Bwana Saa: fundi wako ananikimbiza na sijui nimemkosea nini.

Bwana Saa hakupayuka. "Mama, kazi yako inaishia kwenye kizingiti," alisema. "Ukitoka tena na mteja, usirudi."

Jioni ile mimi ndiye niliyepayuka. "Shangazi, waage ukiwa umekaa! Adabu hiyo tutaila?"

"Sawa," akajibu. "Nitawasindikiza kwa macho."

Akajitahidi kweli. Alikuwa akirudi nyumbani shingo inamuuma.

Kisha akaja bibi mmoja kuchukua koti. Lilikuwa la marehemu mumewe, naye alitaka lipunguzwe limtoshe. Akalivaa mbele ya kioo, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akashukuru, akatoka. Shangazi alimsindikiza kwa macho mpaka bibi aliposimama katikati ya njia, koti limemkaa sawasawa, na mwenyewe hajui ageukie wapi. Shangazi akavua kidoleni kastabani, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, akaiweka mezani, akavuka kizingiti.

Aliporudi, Bwana Saa alikuwa mlangoni.

"Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia, baba. Hukukosea."

Akaanza kukusanya nyuzi zake. Ila cherehani ile haibebwi na mtu mmoja wa umri wake, na Bwana Saa, pamoja na ukavu wote, hakuweza kumtazama akiiburuta. Akaikumbatia mwenyewe. Ndivyo nilivyofungua mlango wangu nikamkuta yeye anahema, jasho linamtiririka, na Shangazi nyuma yake na kikapu.

"Nimefukuzwa kazi," Shangazi akatangaza. "Mpe mgeni kiti."

Nilikuwa na matusi mazuri tu nimeyaandaa, lakini utamtukanaje mtu aliyekubebea mzigo? Alikunywa maji, akasimama. Nikamfungulia mlango upesi, nia yangu niubamize nyuma yake. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu.

"Hapana, Mama. Njia naijua."

"Ingekuwa ni njia ningekuchorea," akasema Shangazi. "Na wewe mwanangu, vaa viatu."

Tulikwenda mpaka kona ya kwanza. Shangazi hupenda kusema kwamba sebuleni watu huongea tu, neno lenyewe hutoka njiani. Sikutegemea litoke kwa Bwana Saa.

"Yule bibi," akauliza, "ulimfikisha?"

"Mpaka kwake. Tulimzungumzia mumewe tu."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, bila kututazama, kwamba siku aliyomzika mkewe watu walijaa nyumbani, wakasema maneno mazuri, wakaondoka kwa wakati. "Nikaenda kufungua duka," akasema. "Sikujua pengine pa kwenda."

"Pole, baba," akasema Shangazi, basi. Nami nikayameza matusi yangu moja moja.

Tulipofika dukani Shangazi alimpa mkono. "Haya, baba. Sisi tunageuza."

Bwana Saa akautazama mkono wake wa kushoto kwa mazoea, kisha akavuta shati likaifunika saa. Dirishani palikuwa na kiti kitupu, na juu ya meza ile kastabani.

"Mtarudi peke yenu?" akauliza.

Akafunga duka mchana kweupe, akaandamana nasi. Alipofika kwangu hakukaribia hata kiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akachuchumaa, akaikumbatia, akanyanyuka nayo, akashika njia ya dukani.

Shangazi akachukua kikapu chake, akamfuata mbio.

"Polepole, baba," akamwambia. "Utaanguka."