Viraka Arobaini na Kimoja

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kukataa. Mwenzangu wa mtaa wa Kawangware 46 alikuwa anatengeneza, mimi nakataa, na hivyo ndivyo programu yetu ilivyosimama.

Ilikuwa programu ya bure, ya mtu yeyote kuchukua, kufungua na kurekebisha. Kliniki ndogo saba ziliitumia kuweka orodha ya wagonjwa wa TB: nani anakuja siku gani kuchukua vidonge. Tuliigawa mara mbili. Kulikuwa na shina, ambapo mwenzangu alijaribu kila kitu kipya kilichomjia kichwani, na kulikuwa na tawi tulivu, ambalo ndilo kliniki zililitumia. Kwenye tawi hakiingii kitu isipokuwa kiraka cha kuziba kosa, na kiwe kimepimwa mara mbili kwenye mashine mbili. Ufunguo wa tawi, yaani ruhusa ya kuingiza kitu, ulikuwa wangu. Mchana nilikuwa nauza kibodi na chaja kuukuu pale Lindi, mtaani kwetu, na mtu anayeuza chaja kuukuu Lindi hafundishwi kushuku.

"Buda, hii kitu ni poa, iingize tu," angeniambia.

"Imepimwa?"

"Kwangu inafanya."

"Kwako hata ndizi inaweza kuchajiwa. Kwenye kliniki ya Kianda itafanya?"

Angecheka, angekula chapati zangu, na kiraka kingebaki nje. Alikuwa mlaji mzuri. Nilihesabu.

Kisha matokeo ya kura yakatangazwa, na ninyi mnajua yaliyofuata: makabila yakageukiana, nyumba zikachomwa. Kwa siku nne sikuwa na stima wala kredo ya simu. Njia ya kwenda Kawangware ilifungwa kwa mtu kama mimi, ikabaki wazi kwa mtu kama yeye. Siku ya tano saiba moja ya intaneti upande wa mtaa wa Olympic ikafungua mlango nusu. Niliingia kiubavu, nikafungua listi ya barua za mradi, ile ambayo kliniki zote na wasaidizi wote husoma. Nikakuta hii:

"Mlinzi wa tawi tulivu hapatikani. Kwa hali ilivyo, na kwa kuwa hatujui yuko upande gani, nimechukua ufunguo wake kwa usalama wa wote."

Nikaisoma. Nikaisoma tena, maana kitu cha bei kubwa mtu hukigeuza pande zote. Upande gani! Mtu ambaye viatu vyake vilijua mlango wangu.

Chini ya barua kulikuwa na viraka vilivyoingizwa siku ile ile. Nilihesabu arobaini na kimoja, nikarudia, arobaini na kimoja. Kila kitu nilichokataa kwa miaka miwili alikimimina kwenye tawi kwa mchana mmoja, akatoa toleo jipya, na mashine za kliniki zikalivuta zenyewe kama zilivyofundishwa.

Sikujibu. Kisasi ni kama mitumba: ukionyesha una hamu, bei inapanda. Nililipa dakika zangu nikatoka.

Jumatatu sista, muuguzi wa kliniki ya Kianda, akanipigia simu. Yule mama alikuwa ameniona nikikua, na hakuwahi kuniita kwa jina. "Fundi, njoo. Watu wangu wamekimbia."

Nilimkuta amekaa mbele ya mashine. Orodha ya siku ile ilionyesha wagonjwa tisa, na kwa kumbukumbu yake walipaswa kuwa wengi zaidi. Hakuwa anashangaa, alikuwa anasikitika tu. Januari ile mtu akikosekana hukuuliza. Mlango umefungwa kwa kufuli, unaamua mwenyewe kama amekimbia au yamempata mengine, unapita.

"Kitabu kiko wapi?" nikamwuliza. Kila mwaka aliniomba ruhusa ya kutupa kile kitabu cha mkono, na kila mwaka nilikataa.

Akakitoa kwenye droo. Nikahesabu wa Jumatatu: kumi na wanne. Nikahesabu kutoka chini kwenda juu: kumi na wanne. Mashine ilisema tisa.

"Hawa watano," nikasema, "kuna kitu umewabadilishia?"

"Makao tu. Walichomewa. Huyu nimeandika kanisani, huyu kwa dada yake, huyu sijui hata niliandika nini."

Hapo nikajua. Kiraka cha ishirini na tatu. Nilikuwa nimekikataa mara mbili. Kilikuja na majina ya mitaa yaliyopangwa tayari, na mgonjwa ambaye makao yake hayamo kwenye majina hayo, kilimruka bila kusema neno. Watu walichomewa nyumba, na programu yetu ikawaondoa kwa kukosa nyumba.

"Hawajakimbia, sista. Tumewafuta."

"Tumewafuta, nani?"

Jina lilikuwa kwenye ulimi. "Sisi," nikasema, na lilikuwa neno chungu kuliko vidonge vyake.

Nilinunua kredo kwa bei ya wizi nikapigia kliniki zote saba: achaneni na orodha ya mashine, tumieni kitabu. Hilo lilikuja kwanza. Watu huniuliza kama nilitanguliza kisasi. Sikukitanguliza. Nilikiweka cha pili, lakini kilikuwa kinapumulia cha kwanza shingoni.

Kufikia jioni sista alikuwa amewapata wanne kati ya wale watano. Wa tano, mzee fundi viatu, hakuonekana. Alikuwa amemaliza mwezi mmoja tu wa dawa, na siku zake za kukosa zilikuwa zinaongezeka. TB ukiianza na vidonge halafu ukaiachia njiani, inarudi na hasira. Jirani yake alisema ameenda kwa mpwa wake. Wapi? Kawangware 46.

Kesho yake simu yangu ikalia. Alikuwa mwenzangu. Kliniki ya kwao ilikuwa imeshamwambia nimesema nini.

"Niaje buda."

"Hujui niko upande gani, kwa hivyo salamu ziweke."

"Wacha hizo. Nilikuwa na presha. Wale wafadhili wanaotulipia sava walitaka kuona kitu kipya."

"Wamekiona?"

"Nisaidie. Nionyeshe kosa liko wapi, nilizibe mimi. Usiandike kwa listi."

"Sitaandika. Utaandika wewe. Nirudishie ufunguo leo. Halafu nitakufungulia, utoe viraka vyako vyote, arobaini na kimoja, ukianza na cha ishirini na tatu."

"Hiyo ni amri moja tu kwa kompyuta. Dakika haishi."

"Najua ni amri moja. Wewe utatoa kimoja kimoja. Na kila kimoja ukiandikie sababu, kwa mkono wako, kwa listi."

"Arobaini na moja? Ata wewe! Fanya ishirini."

"Hapa si sokoni."

"Wewe maisha yako yote ni soko."

"Basi unajua mimi sishuki."

Ufunguo ulirudi kabla ya saa sita. Niliketi saiba nikimtazama akifanya kazi. Cha ishirini na tatu kilitoka na maelezo haya: "Kimeondolewa. Matatizo ya kiufundi." Nikaandika chini yake maneno mawili, mbele ya wote: "Ya nani?"

Zikapita dakika kumi na moja. Kisha: "Kimeondolewa. Nilikiingiza bila kukipima, kwa ufunguo usio wangu. Kimewaficha wagonjwa waliofukuzwa makwao."

Hayo yamo kwenye kumbukumbu ya tawi mpaka leo. Programu za namna yetu hazina kifutio: unachoondoa kinabaki kimeandikwa kwamba kiliwahi kuwepo, na nani alikileta. Vingine vikafuata. Hakikupimwa. Hakikupimwa. Hakikupimwa. Kufikia cha thelathini alikuwa anakosea herufi. Alipovimaliza vyote nikalipima tawi mara mbili, nikatoa toleo safi, nikaenda kunywa chai, na ile chai ilikuwa tamu ingawa sukari ilikuwa imeadimika.

Utamu wenyewe ulidumu mpaka chini ya kikombe tu. Mzee fundi viatu bado hakuwa amepatikana. Nikampigia mwenzangu.

"Kuna mtu uliyemfuta. Yuko huko kwenu, kwa mpwa wake. Mtafute."

"Mimi si daktari, buda."

"Wewe huko unapita. Mimi sipiti."

Alitembea siku tatu, mlango kwa mlango, akiuliza fundi viatu anayekohoa. Siku ya tatu alinipigia nikiwa kliniki ya Kianda. Mzee amepatikana. Kliniki ya kwao imempa vidonge. Mpwa hutoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua, kwa hivyo hakuna wa kumsimamia akimeza.

"Yupo, ni wewe," nikasema. "Mpe mzee simu."

Sauti ya mzee ilikuja nyembamba, lakini yenye ubishi, na ubishi ni dalili njema. "Kijana wangu, huyu mtu wako amekaa mlangoni ananitazama koo kama kuku anayengoja mahindi. Mwambie nimemeza."

"Mwonyeshe mdomo, mzee."

Akarudi kwenye simu. "Ameona. Sasa aende?"

"Leo aende. Kesho atarudi."

Nyuma yake nikamsikia mwenzangu: "Mpaka lini hii?"

Nikaziba simu kwa kiganja nikamgeukia sista. Akafungua kitabu. "Dawa zenyewe amebakiza miezi saba," akasema. "Ila kusimamiwa kila siku amebakiza mwezi mmoja tu."

Nikaondoa kiganja. Nikamwambia mwenzangu saba.