Sauti ya Achol Niliyoitumia Kumnyamazisha Ekai

Je, mtu anayesema kweli kwa sauti ya mwenzake ni jasiri au ni mwoga? Nimejiuliza tangu mwezi uliopita, na shahada yangu haijanisaidia kujibu. Ninachokijua ni kwamba nilikosa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mwalimu wa historia, mkaazi wa Lodwar, na umri wangu umeshavuka arobaini. Mwanamuziki mmoja wa Nairobi, ambaye nyimbo zake zilitufundisha kuwacheka wakubwa, alialikwa na wakubwa hao hao aje awaimbie sifa huko Kakuma. Vijana wakapanga mawe na miiba barabarani, gari lake likageuka. Niliwaunga mkono. Ninawaunga mkono hata leo, na asiyependa na asome kwingine.

Kwenye kundi letu la WhatsApp mabishano yaliwaka siku tatu. Niliandika aya ndefu kuhusu tawala zinazoanza kwa kununua nyimbo na kuishia kwa kuziba midomo. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye sekondari, nitamwita Ekai, ambaye sasa ana kazi serikalini, alinijibu kwa mstari mmoja tu, akianza na salamu ya Kiturkana: "Ejok, profesa. Uhuru unaupigania kwa bando, tena kivulini. Udikteta umeuona wapi, kwa filamu?"

Watu wakacheka. Nilichomeka kwa aibu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Achol, ambaye jina hili si lake. Ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anauza vitenge kambini Kakuma, na ni rafiki wa nyumba yetu kwa miaka mingi. Alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti, mimi peke yangu, akieleza jinsi kwao waimbaji walivyonunuliwa kwanza, kisha waliokataa wakatoweka, kaka yake akiwa mmoja wao. Mwishoni alicheka kidogo: "Hawa watoto wa kufunga barabara nimewapa maji, mwalimu. Jerikeni mbili."

Niliurusha kundini kama ulivyokuwa. Ekai akanyamaza. Kwa muda wa saa moja hivi nilijiona mshindi.

Nilipuuza jambo ambalo kila mtu wa huku analijua: mkimbizi hatoki Kakuma kuja Lodwar bila kibali. Ile sauti ilipita kundi hadi kundi, ikatambulika. Achol alipokwenda kuomba kibali cha kumleta binti yake Lodwar kwa daktari wa macho, ambaye huja mara chache, karani alimchezea sauti yake mwenyewe kwenye simu.

"Mama, si wewe ndiye wa jerikeni? Rudi ukagawe maji."

Zilikuwa zimebaki siku nne daktari afike. Nilimpigia Achol nikiwa nimeyapanga maelezo yangu vizuri. Hakuyangoja.

"Mwalimu, mimi niliambia wewe. Sikuambia watu yote."

"Nisamehe, dada. Nilitaka waelewe."

"Ulitaka kushinda mtu. Sasa mtoto haoni ubao, na wewe bado uko na jina nzuri. Kama hiyo maneno ni ya kweli, si useme na mdomo yako?"

Akakata simu.

Wenzangu mnaobishana mitandaoni, siwaambii mnyamaze. Wanaotaka tunyamaze wapo wengi, na sitawasaidia kazi yao. Bishaneni. Ila msichukue kidonda cha mtu aliye hatarini kuliko ninyi mkakifanya ngao ya aibu yenu. Nilifanya hivyo, na mlango wa Achol sijui kama utanifungukia tena.

Asubuhi baada ya simu ile nilirekodi sauti yangu, nikataja jina langu kamili na shule ninayofundisha, nikasema kwamba nawaunga mkono vijana wale na kwamba ujumbe wa Achol niliusambaza bila ruhusa yake. Nikaituma kundini. Kisha nikaenda Kakuma na barua yenye maneno hayo hayo, nikasimama kwenye dirisha la karani yule, nikamwomba aipokee kwa muhuri, ili kosa liandikwe langu, si la Achol.

Aliisoma mara mbili. "Mwalimu, unajua hii inakaa kwa faili?"

"Ndiyo sababu nimeileta."

Akaigonga muhuri.